Nani Humfundisha Mhadhiri Kufundisha?

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, mwanafunzi mmoja alinisimamisha kwenye maegesho ya magari akiwa na fomu ya kusajili kozi mkononi. Mimi nilikuwa mshauri wake wa kitaaluma, na fomu ile isingepokelewa bila saini yangu. Nilikuwa nachelewa kikao. Nikaiweka juu ya boneti la gari, nikasaini, nikamrudishia. Akasema, "Ahsante, mwalimu," akaondoka. Shughuli yote haikuchukua dakika moja.

Katika fomu ile, sehemu ya malipo ya ada ilikuwa tupu. Sikuiona. Mwisho wa semista alikosa kibali cha kuingia kwenye chumba cha mtihani. Kwa aibu hakumwambia mtu, akarudi kwao. Katika orodha ya matokeo akahesabiwa kuwa mtoro wa mitihani, na kwa mujibu wa kanuni akaondolewa masomoni. Kwa lugha ya wanafunzi, alidisko. Lakini kanuni hizo hizo zilimruhusu mwanafunzi mwenye sababu ya msingi kuahirisha masomo, kisha arudi na kuendelea pale alipoishia. Ilihitajika barua moja tu, yenye aya mbili, kabla ya mitihani kuanza. Mimi niliijua kanuni hiyo, yeye hakuijua. Nilikuwa nimepewa jukumu la kumshauri ili tofauti hiyo isimwangamize.

Alipokuja kuchukua vyeti vyake vya sekondari nilimwuliza kwa nini hakunieleza. Alinijibu kwa upole, bila lawama: "Mwalimu, nilidhani ukisaini umeshaona."

Ndugu msomaji, siandiki haya ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu nimekuja kuamini kwamba kosa langu, pamoja na kuwa langu, lina mizizi katika jinsi tunavyowapata wahadhiri na jinsi tunavyowaacha wajifunze kazi peke yao gizani.

Niliajiriwa kwa sababu nilifaulu mitihani. Katika vyuo vikuu vyetu vya umma, anayetaka kuanza kama mkufunzi msaidizi hutakiwa kuwa na wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Ni kipimo kizuri cha mtu anayejua kusoma. Hakisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kumwelewesha mwingine, wala wa kumsikiliza kijana anayeogopa kusema kwamba hana ada. Wiki ya kwanza nilikabidhiwa darasa la wanafunzi zaidi ya mia mbili, ufunguo wa ofisi, na desa la mtangulizi wangu. Nikafundisha kama nilivyofundishwa: nikasimama mbele, nikasoma slaidi, nikatoka. Wanafunzi niliopaswa kuwashauri niliwafahamu kama orodha iliyobandikwa mlangoni.

Linganisha na mwalimu wa sekondari. Hapa Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa. Kijana anayesomea ualimu hujifunza saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia, kisha hupelekwa shuleni kufanya mazoezi. Huko msimamizi hukaa nyuma ya darasa, akatazama, akaandika, kisha akamwita kando na kumwambia alipokosea. Akiajiriwa, wadhibiti ubora wa shule wanaweza kubisha hodi wakati wowote. Yote hayo ni kwa ajili ya kumfundisha mtoto wa kidato cha pili. Lakini katika sheria, uhandisi, biashara na fani nyingine nyingi za chuo kikuu, mtu anaweza kufundisha tangu ukufunzi msaidizi hadi uprofesa bila mwenzake hata mmoja kuketi darasani mwake.

Wazo hili lilinipata nikiwa safarini kwenda Mbeya. Ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na kati ya Mafinga, Makambako, Chimala na Uyole mtu ana muda wa kutosha wa kuhojiana na nafsi yake. Nilikuwa nakwenda kama mtahini wa nje: kuyapitia maswali, kusoma sampuli ya vitabu vya majibu, kuthibitisha kwamba alama zimetolewa kwa haki. Ni utaratibu mzuri. Nikajiuliza: iweje mtihani uwe na mtahini wa nje, na darasa lisiwe hata na shahidi wa ndani?

Mwenyeji wangu alikuwa mhadhiri mwandamizi aliyebakiza miaka michache kustaafu. Alisomea Chuo cha Ufundi Mbeya, kile kilichofunguliwa 1986, kikawa taasisi 2005, na leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Malezi yake yalikuwa ya karakana. "Mdogo wangu," aliniambia, "kwenye mashine ya kukereza chuma huwezi kusema umefundisha wakati mwanafunzi amekatika kidole. Ninyi wa kumbi kubwa vidole vinakatika kila siku, ila damu hamuioni." Kisha akanialika nikae nyuma ya darasa lake, nami nikamwomba, siku akipita Iringa, akae nyuma ya langu.

Alikuja. Nilijiandaa kwa siku tatu, na nilidhani nimefundisha vizuri. Baada ya kipindi alifungua daftari lake na kuniambia: "Umeuliza maswali 11. Yote umeyajibu mwenyewe. Hakuna ulilolisubiri zaidi ya sekunde mbili." Kisha akaniambia kwamba alikuwa ameketi na wanafunzi wangu watano kwenye kimbweta na kuwauliza, kwa Kiswahili, somo la leo lilihusu nini. Mmoja tu ndiye aliyeweza kueleza. "Lakini si wajinga hao," aliongeza. "Kwa Kiswahili wameniuliza mambo ambayo wewe hujawahi kuulizwa."

Kinyozi hajinyoi. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka mingi nikiamini kwamba ukimya wa darasa ni dalili ya kuelewa. Sasa najizuia: nikiuliza swali, nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Nawaacha wajadiliane kwa dakika tano kwa lugha wanayofikiria, ndipo wajibu kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mtihani wao. Kabla hatujatoka kila mmoja huandika kwenye kipande cha karatasi jambo moja ambalo hakulielewa. Sidai kwamba matokeo yalibadilika kimuujiza. Majuma ya kwanza yalikuwa ya kimya na aibu, yao na yangu. Lakini vipande vile vya karatasi vilinionyesha kwamba wapo waliokuwa wamepotea tangu wiki ya pili, na kwamba nyuma ya baadhi ya upotevu huo kulikuwa na njaa, ugonjwa wa mzazi, au bumu lililochelewa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kufundisha na kushauri si kazi mbili. Asiyelisikia darasa hawezi kumsikia mwanafunzi mmoja mlangoni pake.

Najua Serikali haijakaa kimya. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, unahusu majengo, maabara, mapitio ya mitaala na masomo ya wahadhiri. Naushukuru. Lakini shahada ya uzamivu huongeza anachokijua mhadhiri. Haimfundishi kusubiri jibu. Hata semina ya siku tatu hotelini, yenye posho na cheti, haitoshi, kwa sababu kufundisha ni stadi, na stadi hurekebishwa pale inapotendeka, mbele ya jicho la mwenzako.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo. Kwanza, kila mhadhiri awe na mwenzake wa kukaa naye darasani angalau mara mbili kwa semista, na maoni yao yabaki kati yao wawili. Yakipelekwa kwa mkuu wa idara yatageuka kuwa silaha, na watu watajificha. Pili, mwajiriwa mpya afundishe semista yake ya kwanza pamoja na mzoefu, badala ya kutupiwa darasa kubwa kuliko yote. Tatu, dodoso ambalo wanafunzi hujaza mwisho wa semista lijazwe wiki ya tano, ili waliolijaza ndio wanufaike. Nne, mshauri wa kitaaluma apewe idadi ya wanafunzi anayoweza kuwajua kwa majina, na saa zake za kushauri zihesabiwe katika mzigo wa kazi na katika kupandishwa cheo. Maadamu machapisho ndiyo yanayobeba uzito mkubwa, tusishangae kuona ofisi zimefungwa.

Kwenu watumishi wa umma mnaoandika miongozo: la nne liko mikononi mwenu. Kwenu wanaharakati: tumepigania mikopo, na ilikuwa haki, lakini mwanafunzi aliyepata mkopo asifundishwe, au akadisko kwa kukosa neno la mshauri, amedhulumiwa vilevile, na dhuluma hiyo haina bango. Kwenu wanafunzi: msiamini saini. Mwulizeni mshauri wenu ameona nini.

Semista hii nina wanafunzi 22 wa kuwashauri. Nina daftari la kurasa ndogo, kila mmoja na ukurasa wake. Anayeleta fomu namkaribisha kiti, naisoma yote mbele yake, sehemu ya ada kwanza. Wiki iliyopita mmoja alinong'ona kwamba hatafika kwenye mitihani. Tuliandika barua ya kuahirisha siku ile ile, aya mbili, na nikaisindikiza mwenyewe hadi ofisi ya msajili. Yule wa kwanza sijui kama atarudi chuoni. Namba yake bado ninayo, na mwezi ujao, udahili ukifunguliwa, nitampigia.