Mwiko wa Mzee

Nyumba nyingi za huku Nyeri zina kabati la vioo sebuleni, na ndani yake vyombo vya wageni. Mabakuli yenye maua, hotpoti tatu za ukubwa tofauti, seti ya vijiko vya kupakulia ikiwa bado ndani ya boksi. Wageni wanakuja, wanakula, wanaenda, na boksi halifunguliwi. Sijui tunangoja wageni gani.

Mimi nilianza kuangalia vijiko kwa makini wakati mikono ya baba mkwe ilianza kutetemeka. Ni mzee wa Mukurweini, mkulima wa kahawa, na hataki kupakuliwa chakula. Kwetu si aibu mzee kupakuliwa. Kwake aibu ilikuwa kupakuliwa kwa sababu hawezi, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Basi kila Jumapili tulisikia kijiko cha chuma kikigonga ukingo wa bakuli, ka-ka-ka, na watu mezani wakaanza kuongea kwa sauti ndio ionekane hawasikii. Njahi nusu zilifika kwenye sahani, nusu kwenye kitambaa. Baadaye akawa anasema ameshiba kabla ya kuongeza. Shati zikaanza kumning'inia.

Nikashuka Karatina siku ya soko. Mama mmoja wa kuuza miiko akaniuliza, "Unataka ya kusonga ama ya kupakua?" Ya kusonga ugali ni bapa na ndefu, ya kupakua ina tumbo. Nikamwambia ni ya mzee anayetetemeka mikono.

"Basi usimpelekee yenye mkono mrefu," akasema. "Mkono ukitikisika kidogo huku, kule mbele inatikisika sana."

Alinichagulia mwiko mfupi, mnene, wenye tumbo la kina, wa mti wa mutamaiyo, ule mzeituni wa porini. Ni mti mgumu, na mzito kuliko unavyodhania. Uzito huo unasaidia mkono kutulia. Na mbao ikigusa bakuli hailii. Nilibadilisha pia bakuli: lile la maua limelala kama sinia, chakula kinakimbia. Nikaweka lenye kuta zilizosimama, na chini yake kitambaa chenye unyevu ili lisiteleze. Sikumweleza mtu. Mzee alipakua mukimo, akala, akaongeza. Mume wangu akaendelea na habari za bei ya kahawa kwa sauti yake ya kawaida.

Mbao ina masharti yake. Usiilaze ndani ya karai la maji usiku kucha, itapasuka. Oshea papo hapo, pangusa, isimamishe mahali penye hewa. Mwezi wa saba hapa, ukungu wa mlimani ukishuka na jua lipotee wiki nzima, mwiko hukaa na maji ndani na kuota madoa meusi. Wetu tunauweka karibu na jiko la kuni, si juu yake. Ukianza kunuka vitunguu, usugue kwa chumvi na ndimu. (Hotpoti nayo usiitumbukize kwenye maji. Yakiingia katikati ya kuta zake, hiyo sasa ni bakuli tu. Na ukiiweka kabatini, acha kifuniko wazi, la sivyo Krismasi itanuka pilau ya Pasaka.)

Kijijini vyombo ni vya kuazimana. Kukiwa na ruracio ama matanga, sufuria na vijiko vya boma kumi vinachanganyika, ndiyo sababu kila mama huweka alama chini ya vyake, herufi za rangi ama tone la rangi ya kucha. Vya mama mkwe vina tone jekundu.

Jirani alipofiwa mwaka jana, wamama walikuja kuazima. Mama mkwe alitoa hotpoti zote, sufuria mbili kubwa, akafungua kabati akatoa hata lile boksi. Mwiko aliuficha nyuma ya gunia la unga.