Sorsogon, mkoa unaojivunia samaki asiyelishwa

Nyuma ya noti ya peso 100 ya Ufilipino kuna picha mbili: mlima wa volkano na samaki mkubwa mwenye madoadoa. Mlima ni Mayon, uliopo mkoa wa Albay. Samaki ni papa potwe, na watu wa mkoa jirani wa Sorsogon, hasa wa mji wa Donsol, humwita butanding na kumhesabu kuwa wao.

Wakazi wa Mafia hawahitaji kuelezwa, kwani papa huyu hufika kwao Kilindoni kila msimu. Kenya humwita papa shilingi, kwa madoa yake yanayofanana na sarafu. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kuzidi mita 12, lakini hali watu. Huchuja viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Ndicho anachofuata Donsol, mto unapoingia baharini.

Hadi mwaka 1998 Donsol ilikuwa mji wa wavuvi ambao wageni hawakuwa na sababu ya kuusimamia. Mwaka huo wapiga mbizi walirekodi video za papa hao, habari zikaenea, na wawindaji nao wakafika. Machi mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuwavua na kuwauza. Wavuvi wakafundishwa kazi mpya: kuwaongoza wageni.

Mgeni huenda kwa bangka, chombo chenye mirengu pande mbili. Ukikiona utasema ngalawa iliyofungwa injini. Mtu mmoja husimama juu kutafuta kivuli cheusi majini. Papa mmoja ni wa chombo kimoja, waogeleaji wasiozidi sita. Hakuna kumgusa, hakuna mwanga wa kamera, hakuna mitungi ya hewa. Na hakuna kumlisha.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Huko Oslob, mkoa wa Cebu, papa hupewa uduvi kila asubuhi, hivyo mgeni ana uhakika wa kuwaona. Watafiti waliowachunguza wamekuta wengi wao wana makovu, na samaki aliyezoea kufuata boti hukaribia hata zile zenye panga za injini. Donsol hakuna uhakika huo. Ipo miaka ambayo papa huja wachache, na wasipokuja, mwenye chombo, mwongozaji na mama mwenye nyumba ya wageni wote hukosa pesa ya mwezi. Kuendelea kukataa kulisha, huku jirani akijaza wageni, si jambo dogo kwa familia yenye ada za shule za kulipa.

Usiku kazi huhamia mtoni, ambako mashua hupita kimya kando ya mikoko iliyojaa vimulimuli. Hiyo ni safari nzuri kwa wenye watoto wadogo au wasiojua kuogelea.

Mezani, mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hatapata shida. Majani ya magimbi hupikwa kwa tui la nazi na pilipili nyingi, na utamu wa kumalizia ni pili, kokwa yenye gamba gumu inayokaangwa kwa sukari.

Kusini zaidi kuna mlima Bulusan, mita 1,565, na ziwa lake lililozungukwa na msitu. Ni volkano hai. Juni 2022 ilimwaga majivu kwenye vijiji vya Juban. Mwenye mtoto wa pumu aulize hali ya mlima kabla ya kupanda gari, na abebe dawa na barakoa.

Msimu wa butanding ni kuanzia Novemba hadi Juni, na miezi yenye matumaini zaidi ni Februari hadi Aprili. Kwenda kwa siku moja ni kucheza bahati nasibu. Tenga tatu, vaa jaketi la kuokolea maisha, na ukirudi pwani hujaona kitu, mwongozaji alifanya kazi ileile, mlipe vizuri.