Nguo za Nyaya

Jumatatu, 4 Agosti

Mteja kaleta kompyuta saa nne, imefungwa kwa taulo kioo kisichubuke. "Nyaya zivike nyeusi tupu, fundi. Nisione rangi hata moja." Nikakubali upesi mno, hata sijafikiri. Pawa saplai ni ile ya nyaya zisizochomoka, fungu zima linatoka mdomo mmoja. Limesukumizwa mbele ya feni, na vumbi limelishika mpaka huwezi kujua ipi nyekundu ipi njano. Nimelitoa nje kibarazani kulipuliza. Jirani wa mabegi kakohoa, nikamwomba radhi.

Kamba nimepata Mtaa wa Kongo. Nailoni ya mviringo, nyuzi ziko ndani. Ukizivuta zile nyuzi linabaki ganda, laini, waya unapita. Nimechukua mita 25. Muuzaji akauliza kama nafunga mzigo wa mkoani. Nikamwambia navisha kompyuta. Kanipunguzia bei.

Leo nina raha sana. Sijui kwa nini kazi hii naipenda hivi.

Jumanne, 5 Agosti

Plagi kubwa, matundu 24. Pini haitoki kwa nguvu, ina mbawa mbili ndogo zinazong'ang'ania plastiki. Nimenyoosha pini mbili za stepla, moja kushoto, moja kulia, unazibana zile mbawa, unavuta taratibu. Ta! Imetoka. Ya kwanza dakika 11. Ya sita dakika 2.

Nilipofika tundu la 20, moyo paa. Halina waya. Nimetafuta mezani, sakafuni, hadi ndani ya mfuko wa shati. Baadaye ndipo nikakumbuka: zamani palikuwa na waya mweupe wa volti 5 hasi, mashine za siku hizi hazina kazi nao. Tundu limeachwa wazi tangu kiwandani. Nimekunywa chupa nzima ya maji.

La 13 nalo lina nyaya mbili kwenye pini moja, mnene na mwembamba. Mwembamba hurudisha habari, pawa saplai ijue kama zile volti 3.3 zimefika kamili au zimepungua njiani. Hizo mbili zimevaa nguo moja. Nimehangaika nazo karibu saa nzima, na sasa hivi nikifumba macho naziona.

Kimrija cha kufungia mwisho wa nguo kinasinyaa kwa moto kidogo tu. Ukizidisha, nailoni nayo inayeyuka, inakuwa ngumu na kung'aa kama sukari iliyoungua. Nimeharibu vipande vitatu. Kesho niweke kiberiti mbali zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Umeme haukuwepo saa nane mpaka saa kumi na moja. Nikahamia mlangoni kwenye mwanga, naendelea kuvisha.

Mzee wa hapa kazini kapita. Shikamoo, marahaba. Akainama, akashika nguo ya waya kwa vidole viwili. "Hilo boksi lenyewe usilifungue, mwanangu." Sikuwa na nia hiyo. Najua kapasita za humo hutunza umeme zaidi ya volti 300, na kuchomoa plagi ukutani si kinga. Navisha mpaka mdomoni, basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mikono bado inatetemeka.

Nyaya zote zimeshavaa, nyeusi, nzuri ajabu. Nimezichana kwa kitana nilichong'oa meno moja baada ya moja, zimelala sambamba. Nikasema kabla ya kugusa mazabodi, mita kwanza. Kipande cha waya kutoka tundu la kijani kwenda la nyeusi, feni ikaamka. Tundu la 1, volti 3.3. La 2, 3.3. La 3...

La 3 ni la nyeusi. Inatakiwa iwe sifuri. Mita ikasema 5.

Nimelipima mara nne. La 4, ambalo ndilo la volti 5, sifuri. Nimebadilisha waya mwekundu na mweusi, majirani, na kwa kuwa wote wamevaa sare hakuna jicho ambalo lingeona. Ningechomeka kwenye bodi ya mtu! Labda pawa saplai ingejizima yenyewe. Labda.

Dogo ninayefanya naye kazi kauliza mbona nimenyamaza. Sikumjibu vizuri. Nimtake radhi kesho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Fremu nyingi zimefungwa, mtaa umepoa, nasikia hadi mabasi ya Mwendokasi yakishusha abiria kule Gerezani. Nimempigia dogo, yameisha.

Nimelala nikiwaza rangi. Zambarau, ile inayobaki hai hata mashine ikizimwa. Kijivu, inayoiambia bodi kwamba umeme umetulia. Nimezizika zote. Atakayeifungua baada ya miaka miwili atajuaje? Mteja anataka nyeusi, haki yake. Lakini fundi ajaye naye ana haki.

Chini kule mdomoni pamefunikwa na bati, kioo hakifiki. Nimerudisha nguo nyuma upana wa kidole, rangi zote zinaonekana pale. Kisha nimechora plagi kwenye karatasi, tundu kwa tundu, kwa penseli za rangi za binti wa dada. Nimeibandika kwa ndani ya bati la nyuma. La 20 nimeandika: WAZI TANGU KIWANDANI.

Upande huo wa nyuma nimeupanga sawa na mbele. Kila fungu lina tai yake, ncha zimekatwa ziishe, zisimchane mtu mkono.

Jumamosi, 9 Agosti

Imewaka mara ya kwanza. Joto la prosesa limeshuka digrii mbili tu, nilitegemea zaidi. Feni ndiyo imenyamaza, hilo ndilo nimelipenda.

Mteja karekodi video kupitia kioo, kazunguka nayo mara tatu, kafurahi, kalipa yote. Bati la nyuma hakuligusa.

Wakati anatafuta bajaji, Mzee kachukua bisibisi, kalifungua. Kasimama na ile karatasi muda mrefu, miwani juu ya paji. Kidole kikapita tundu kwa tundu, kikasimama kwenye la 3, kikahamia la 4. Mimi najifanya simwangalii, namwangalia.

Akalirudisha bati. Skrubu zote nne kazikaza mwenyewe.