Breki ya Mbele Haijui Shosho

Nduthi yenye kigari cha pembeni si nduthi tena, na si gari. Hailali kwenye kona, na ukishika breki ya mbele haisimami tu. Inageuka.

Nyumbani kigari hicho tunakiita saidika, na jina limekaa poa, kwa sababu kilitengenezwa kumsaidia Shosho. Tangu avunjike nyonga hawezi kukalia boda, na makanga hawana subira na mtu wa mkongojo. Bro akapeleka nduthi yake kwa fundi wa jua kali, akarudi na kiti, vyuma na gurudumu la tatu upande wa kushoto.

Safari ya kwanza, mteremkoni, bro alishika breki na usukani ukavuta kulia, kuelekea lori. Shosho akauliza, "Kwani tunapitia huko?"

Fundi alisema dawa ni kukaza breki ya mbele zaidi. Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo ilitushinda, lakini hesabu za nguvu hazikuniacha. Breki inashika gurudumu la nduthi. Shosho yuko kushoto na hakuna kinachomshika, kwa hivyo anaendelea mbele na kuzungusha chombo chote kulia. Kenya tunaendesha kushoto, so kulia ndiko magari yanatokea. Ukikaza breki ya mbele peke yake, unaongeza mvuto huohuo.

Wanaounda hizi vitu kiwandani wanajua. Pikipiki za Ural, zilizoanza kuundwa Irbit, Urusi, mwaka wa 1942, siku hizi zina breki kwenye magurudumu yote matatu, na mbele hazizami kama nduthi zetu ukisimama ghafla.

Sisi tulitoa breki ya drum kwa nduthi kuukuu, tukaifunga kwenye gurudumu la saidika na kuiunganisha na pedeli ya mguu. Tukajaribu uwanjani, gunia la mahindi likiwa kitini. Ikikazwa sana, inavuta kushoto. Tukalegeza nati, tukajaribu tena, hadi ikasimama bila kupigana na mikono ya bro.

Kiti kikiwa kitupu bado inavuta kushoto kidogo, maana tuliipima kwa uzito wa abiria. Bro analalamika, lakini amezoea.

Jumanne Shosho ana kliniki. Tulipomwambia sasa ana breki yake, aliuliza ataishikia wapi.