MBAAZI ZETU ZINALIWA ASIA. JE, NANI ANAIJUA ASIA?



Mimi ni bwana shamba katika wilaya ya Babati. Kazi yangu ni kupita mashambani na kuzungumza na wakulima juu ya mbegu, nafasi za kupandia na wadudu waharibifu. Sikusoma chuo kikuu. Nina cheti cha kilimo.

Leo sitazungumza juu ya wadudu. Nataka kuzungumza juu ya elimu moja ambayo wengi wetu vijijini tunaiona kuwa haituhusu. Ni elimu ya kuzijua nchi za Asia: lugha zao, historia yao, desturi zao na biashara zao.

Najua wengine mtasema, "Bwana shamba, Asia na jembe langu wapi na wapi?" Nisikilizeni kwanza.

SOMO LA MBAAZI

Hapa kwetu mbaazi tunakula kidogo. Nyingi tunauza, na mnunuzi mkubwa ni India. India inalima mbaazi kuliko nchi yoyote duniani, na inakula kuliko nchi yoyote. Watu wa kule huziita tur au arhar. Huzikoboa na kuzipasua, kisha hupika mchuzi mzito wa kulia wali au chapati.

Mwaka 2014 na mwaka 2015 mvua zilikuwa haba India. Mbaazi ziliadimika, bei ikapanda. Huku kwetu tulifurahi. Watu walipanua mashamba. Lakini wakulima wa India nao waliiona bei ile ile. Mwaka 2016 mvua zilikuwa nzuri. Walipanda mbaazi nyingi, wakavuna nyingi mno.

Basi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo. Ilisema mbaazi kutoka nchi za nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Ilitaka kuwalinda wakulima wake.

Agosti ni wakati wetu wa mavuno. Magunia yalikuwa yamejaa majumbani. Bei ilianguka vibaya. Niliwaona wakulima wakiacha mbaazi zikaukie shambani, kwa sababu kumlipa mvunaji kulikuwa ghali kuliko bei ya mbaazi zenyewe. Wazazi walikosa ada za shule. Waliniuliza sababu. Vitabu vyangu vya kilimo vinaeleza jinsi ya kuzikuza mbaazi. Havielezi habari za mtu anayezila.

Tena liko jambo lililoniuma zaidi. Majirani zetu wa Msumbiji walikuwa wameandikiana mapatano na India mwaka 2016. Kikomo kile hakikugusa mapatano ya namna hiyo. Wao walikuwa na mlango, sisi tulisimama nje. India ilikuja kulegeza masharti mwaka 2021, lakini hasara ya mwaka 2017 haikurudi.

Tangu siku zile nimeamini jambo moja. Mkulima anahitaji bwana shamba wa kumwambia habari za udongo. Lakini anahitaji pia mtu wa kumwambia habari za mnunuzi. Mtu anayesoma magazeti ya India angejua kwamba mvua za 2016 zilikuwa nzuri. Angejua kwamba wakulima wa kule huvuna kuanzia Desemba. Angesema mapema, "Jamani, mwakani pandeni mbaazi kidogo, ongezeni mahindi."

BINTI YANGU NA KICHINA

Binti yangu wa pili alipomaliza kidato cha sita alisema anataka kusoma Kichina chuo kikuu. Tulikaa kikao cha ukoo. Shangazi yake alisema, "Mtoto asome uuguzi. Hicho Kichina atazungumza na nani hapa kijijini?" Kaka yangu mkubwa aliuliza kama tutauza ng'ombe kwa ajili ya elimu isiyo na kazi. Hayakuwa maneno ya kijinga. Ng'ombe ni akiba ya nyumba, na kijana mwenye cheti bila kazi ni mzigo mzito.

Nikawajibu hivi: "Ufuta wa nchi yetu unakwenda China na Japani. Mbaazi zetu zinakwenda India. Lakini tunapouza, tunauza kwa mdomo wa mtu mwingine. Yeye anazungumza na mnunuzi, sisi tunaambiwa bei. Nani atakuwa mdomo wetu?"

Tulikubaliana kwa sharti moja. Alisome pia somo la biashara, maana lugha peke yake ni kama mpini usio na jembe. Tuliuza ng'ombe mmoja. Sasa binti yangu yuko Dar es Salaam, anasoma. Kama atapata kazi nzuri, sijui. Lakini najua anafanya bidii.

Alipokuja likizo alinifundisha neno moja: ma. Kwa Kichina, ukilitamka kwa sauti ya juu iliyonyooka, ni mama. Ukipandisha sauti, ni katani. Ukiishusha kisha ukaipandisha, ni farasi. Ukiishusha kwa nguvu, ni kutukana. Mke wangu alicheka sana. Alisema mtu asipokuwa mwangalifu atamwita mama mkwe farasi.

Akanieleza pia jambo ambalo ninyi mliojifunza kusoma ukubwani mtalipenda. Sisi tunasoma Kiswahili kwa herufi 24 tu. Kichina hakina herufi kama zetu. Kina alama maelfu, na kila alama ina sauti yake na maana yake. Mwaka 1956 serikali ya China ilipokuwa ikipigana na ujinga wa kutojua kusoma, iliweka kipimo. Mfanyakazi wa mjini ajue alama 2,000, na mkulima ajue alama 1,500. Wakulima wengi wakubwa kwa wadogo walikaa darasani jioni wakajifunza. Kama wao waliweza alama 1,500, je, sisi tutaogopa nini?

KAZI ZILIZOPO

Mtu aliyesoma mambo ya Asia anaweza kufanya kazi nyingi. Anaweza kuwa mkalimani katika ujenzi wa barabara, viwanda na migodi. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975. Kazi kubwa namna ile haiendi bila watu wa kutafsiri maneno.

Anaweza kuwaongoza watalii. Anaweza kufundisha, kwa kuwa Kichina sasa kinafundishwa katika baadhi ya shule zetu za sekondari. Anaweza kufanya kazi ubalozini, bandarini, au katika kampuni inayouza mazao nje. Anaweza kuwa mtangazaji. Radio ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na Radio Japani nayo ina matangazo ya Kiswahili.

Hapo pana jambo la kufikiri. Wenzetu wa Asia wanatusoma sisi. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Beijing, Osaka na Seoul. Vijana wa Japani wanaokuja kujitolea vijijini hujifunza Kiswahili. Wao wanatujua. Haifai sisi tusiwajue.

NAFASI ZINAPATIKANA WAPI?

Kwanza, hapa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vyote vina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013. Huko kunafundishwa Kichina. Jirani zetu wa Kenya walitangulia, maana Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata taasisi kama hiyo mwaka 2005.

Pili, ufadhili wa masomo. Serikali za China, India, Japani na Korea Kusini hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa nchi za nje. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Matangazo hutolewa na balozi zao na Wizara yetu ya Elimu. Mwombaji anatakiwa awe na vyeti vyake vya shule, pasi ya kusafiria na afya nzuri.

Tatu, kuna mitihani ya lugha inayotambuliwa duniani. Kwa Kichina ni HSK. Kwa Kijapani ni JLPT, yenye ngazi tano: N5 ni ya mwanzo, N1 ni ya juu kabisa. Kijana mwenye cheti cha ngazi nzuri huaminiwa na mwajiri hata kabla hajafungua mdomo.

JIHADHARINI NA WADANGANYIFU

Mwaka mmoja alikuja mtu kijijini kwetu. Alivaa vizuri na kusema vizuri. Alisema ana nafasi za chuo Asia, mzazi atoe fedha taslimu wiki hiyo hiyo. Jirani yangu alikuwa tayari kuuza maksai wake wawili wa kulimia. Nilimshauri aombe mambo matatu: jina la chuo, barua ya chuo, na risiti. Yule mtu alisema atarudi kesho. Kesho yake haijafika mpaka leo. Jirani yangu bado analima na maksai wake.

Basi kumbukeni haya:

1. Ufadhili wa serikali hauuzwi. Anayekuuzia ni mwizi.

2. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, kama chuo hicho na wakala huyo wanatambuliwa. Cheti cha chuo kisichotambuliwa hakitamsaidia mtoto akirudi.

3. Mpelekeni kijana aulize kwa mwalimu mkuu au afisa elimu. Kuuliza si ujinga.

4. Msiuze chombo cha kazi, kama shamba au maksai, kwa ahadi ya mdomo.

NENO LA MWISHO

Wazazi wenzangu, mtoto akisema anataka kusoma Kihindi, Kichina au Kijapani, msimcheke. Muulizeni atasoma na ujuzi gani mwingine. Muulizeni chuo gani na gharama kiasi gani. Akijibu vizuri, mpeni moyo, awe wa kiume au wa kike.

Nanyi vijana mtakaopata elimu hiyo, msituache. Mkijua bei ya ufuta kule Asia, leteni habari kijijini. Mkisikia mvua za India ni nyingi, tuambieni kabla hatujapanda.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona upesi zaidi akielewa mgeni anasema nini.