Mshenga wa Seyyid Said

Huku Ifakara posa haiendi mikono mitupu, wala haipelekwi na mwoaji mwenyewe. Hutafutwa mshenga, mtu mzima mwenye ulimi mtamu na subira, kwani atakaribishwa vizuri, atapakuliwa ubwabwa wa mchele wa Kilombero, kisha pengine arudi bila jibu. Kazi hiyo nimeifanya mara tatu, mara mbili ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, enzi za kivuko kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018. Ndiyo maana nikisoma habari za Ali bin Nasur namwonea huruma kuliko bwana wake.

Bwana wake alikuwa Seyyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza manowari nzima ya mizinga 74, iliyoundwa Bombay. (Naye akaletewa merikebu ya starehe, ambayo wala hakuifurahia.) Ali alitumwa London mwaka 1838, na tena mwaka 1842, safari hii akimpelekea Malkia Victoria lulu, shali za Kashmir na farasi. Nyuma ya zawadi palikuwa na ombi: Waingereza wasimbane mno bwana wake katika biashara ya watumwa, maana ushuru wake ulikuwa ukijaza hazina.

Hapo ndipo mimi na mshenga mwenzangu tunapoachana njia. Waliouzwa ni pamoja na watu wa bara, walioteremshwa hadi Kilwa wakiwa wamefungwa shingoni. Ali alipokewa kwa heshima zote, ila ombi halikupita. Mwaka 1845 Said akatia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe kutoka Afrika kwenda Arabuni. Nafurahi kwamba alikataliwa. Hata hivyo, namfikiria yule mzee baharini, miezi mizima, akipanga maneno ya kumwambia Sultani.

Barghash, mwana wa Said, alikwenda mwenyewe London mwaka 1875, akapokewa na Malkia yule yule. Miaka 11 baadaye, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zikaafikiana zenyewe kwa zenyewe: Sultani abaki na ukanda wa pwani wa maili 10, na bara, pamoja na bonde letu hili, liwe upande wa Wajerumani. Barghash alipelekewa karatasi akubali. Huku Kilombero hakuja mtu kubisha hodi, wala hatukuletewa hata shali moja.