Likikingwa Je?

Kina mama wenzetu, Tekken, mchezo wa mapigano uliotoka Japani mwaka 1994, si kubonyeza vitufe ovyo. Sekunde moja imegawanywa katika picha 60, ziitwazo fremu. Ngumi ya haraka ya wapiganaji wengi huchukua fremu 10 kufika. Ukipiga, mpinzani akakinga, naye akawa huru fremu 12 kabla yako, atakupiga na huna la kufanya. Zikiwa 9, ngumi hiyo haiwahi.

Ndiyo maana kijana wetu wa kidato cha pili haulizi pigo lina nguvu kiasi gani. Huuliza, "Likikingwa je?" Bryan Fury ana teke la kufagia miguu: likipata, humrusha mpinzani juu, likikingwa, anayerushwa ni yeye.

Tunaketi naye, baba yake nasi, kwa kuwa hapo ndipo anapozungumza. Juzi, katikati ya pambano, alitueleza bila kuulizwa kwa nini anaogopa kurudi bweni. Tulimsikiliza hadi saa sita usiku.

Lakini utamu wenyewe uko katika umbali. Pigo la hatari likimgusa mpinzani kwa ncha ya mguu tu, huweza kuwa salama, maana ngumi yake fupi haifiki. Itambidi atumie pigo refu, ambalo aghalabu huchelewa. Ila ukizidisha umbali ukapiga hewa, unaadhibiwa mguu ungali umenyooshwa.

"Mama, rudi nyuma kidogo!" hutukemea. Kidogo kiasi gani, bado tunakitafuta.